Kinyozi Aliyekosa Mtani

Treni ya Mwanza na ya Kigoma huagana Tabora, na katika miaka ile ya mwanzo ya Azimio abiria waliokuwa wakibadilisha mabehewa walipata saa kadhaa, wakati mwingine nusu ya siku, za kuzurura mjini wakisubiri kengele. Wageni wa mji walikunywa chai stesheni. Waliokwisha kupita mara mbili tatu walikwenda mtaa wa Ng'ambo kunyolewa kwa Shomari, hata kama nywele zao hazijafika kimo cha kunyolewa.

Vinyozi hodari kuliko yeye walikuwepo. Kigoma alikuwepo Mmanyema mmoja aliyekuchonga kichwa kama kinyago huku akikusimulia habari za Kongo kwa lugha tatu. Mwanza kulikuwa na viti vya kuzunguka na manukato ya chupa. Shomari alikuwa na kiti cha mbao, kioo chenye ufa, mkasi, mashine ya mkono na shuka jeupe lililowahi kuwa kitambaa cha meza. Na mkono wake, tuseme kweli, haukuwa mtulivu. Hadithi ilipofika mahali pazuri mkono nao ulipanda, na mteja akatoka na kijia kidogo nyuma ya sikio. Kesho yake alirudi kurekebishiwa, akakaa tena saa nzima, akaondoka na kijia kingine upande wa pili. Hakuna aliyelalamika. Kijia cha Shomari kilijulikana mpaka Urambo. Ukikiona kichwani mwa mtu ulijua kwamba juzi au jana mtu huyo alicheka.

Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Alifika Tabora kijana, kabla ya uhuru, pamoja na kundi la vibarua wa kubadilisha mataruma ya reli. Kundi liliposonga mbele yeye alibaki, kwa sababu binti mmoja wa Gongoni, mtoto wa mshona kofia, alimwona akianguka na ndoo ya maji mbele ya watu na akacheka mpaka akakaa chini. Shomari alisema palepale kwamba mwanamke anayecheka hivyo hamwachi. Jina lake Mwamvita. Alikuwa mrefu, alitembea mkono mmoja kiunoni, na alizungumza na mumewe chumbani kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Walipata mtoto mmoja, Maua, ambaye sasa alikuwa ameolewa mtaa wa Isevya.

Lakini habari za kibanda cha Shomari hazikamiliki bila Apolinaria. Huyu alikuwa Mnyamwezi, Mkatoliki wa Kipalapala, mwenye mikono minene na sauti ya kuongoza kwaya. Mumewe, Damas, alilima karibu na seminari, na shemeji yake alirina asali huko Sikonge. Kila asubuhi Apolinaria alisukuma baiskeli yake mpaka Ng'ambo, akapanga chupa za asali na mafungu ya karanga kwenye baraza ya Shomari, akaketi kwenye kigoda. Hakulipa pango. Alilipa kwa matusi.

"Mpagazi!" Shomari alimpokea akiwa na mkasi mkononi. "Umechelewa. Pembe za bwana wako ziko wapi?"

"Bwana gani? Wewe? Mtumwa niliyemtupa njiani kwa sababu hakuweza kubeba hata kibuyu?"

"Leta asali hiyo niionje. Mnyamwezi hamwachi nyuki bila kumwongezea maji."

"Maji yamejaa kichwani mwako. Wewe mteja, ushike masikio yako, huyu mla nazi hajaona nyama tangu Idi, asije akakukata moja akaenda kukaanga."

Na mteja aliyeketi katikati yao, awe karani wa bomani au mkulima wa tumbaku aliyeleta mazao, alicheka mpaka shuka likamwanguka.

Ni utani wa zamani sana, wa enzi za misafara. Wanyamwezi walibeba mizigo kwenda pwani wakipita Uzaramo. Walioneana choyo kwa maji na kwa chakula, wakagombana, wakapatana. Mnyamwezi akifia Uzaramo, mchimba kaburi alikuwa Mzaramo. Mzaramo akifia huku bara, vivyo hivyo. Watu waliozikana namna hiyo hawaoneani haya tena. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kuingia jikoni kwako akatoka na sufuria, na siku ya msiba wako ana kazi maalumu. Huja akiwa amejipaka majivu. Huvaa nguo za marehemu akaigiza mwendo wake na sauti yake. Huzuia maziko mpaka apewe jogoo. Wafiwa wanalia, naye anawafanya wacheke, na katika kuchekacheka huko na kulia huko kitu fulani kilichokaza kifuani hulegea. Hakuna anayeeleza vizuri kinavyolegea. Wanajua tu kwamba ni lazima pawepo mtani.

Mwamvita alifariki wakati wa masika. Homa fupi, na kabla Shomari hajaelewa vizuri kwamba mkewe ni mgonjwa, aliambiwa kwamba ni marehemu.

Balozi wao wa nyumba kumi alikuwa Abasi, fundi saa, mtu mwema na msafi, aliyependa mambo yaende kama saa alizotengeneza. Juma lile lile alikuwa ametoka kwenye semina ya viongozi. Alifika msibani na shati lake jeupe, akawapa watu pole, akasimama uani.

"Ndugu zangu," alisema, "tumefiwa na dada yetu. Naomba msiba huu uwe wa kistaarabu. Tunajenga taifa. Mambo ya huyu Mzaramo, huyu Mnyamwezi, tumeambiwa tuyaache. Hapa kuna ndugu tu."

Wakati huo Apolinaria alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa na majivu usoni, chungu kilichovunjika kichwani kama kofia, na mwiko mkononi. Balozi alimgeukia kwa upole.

"Ndugu Apolinaria. Nakuomba leo ukae kwa heshima."

Apolinaria alimtazama Shomari. Ingetosha ishara moja tu, hata ya nyusi. Lakini Shomari alikuwa ameinamia mkeka, akifuata kwa kidole mistari ya ukili kama mtu anayesoma, na hakuinua macho. Basi Apolinaria akashusha chungu, akajifuta majivu kwa pindo la kanga, akaketi pamoja na wanawake wengine. Matanga yalikwisha kimya kimya. Watu waliondoka wakisifu: haijapata kuonekana Ng'ambo shughuli yenye adabu kama ile. Na kwa kuwa Balozi alikuwa amesema, na Apolinaria alikuwa mtu wa kutii, hata baada ya matanga aliendelea vilevile.

"Habari za asubuhi, ndugu Shomari," alisema akipanga chupa zake.

"Nzuri, ndugu Apolinaria."

Ndugu ni neno zuri. Nchi nzima ilikuwa ikilitumia wakati ule, waziri na mfagiaji wakaitana hivyo, na wageni kutoka nchi nyingine walilisikia wakalionea wivu. Lakini likitoka kinywani mwa Apolinaria, Shomari alilisikia kama mlango unaofungwa polepole ili usipige kelele.

Alirudi kazini mara tu matanga yalipokwisha. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea: alianza kunyoa vizuri. Mkono ulitulia. Mstari wa shingoni ulinyooka kama reli ya kwenda Malongwe. Hakuna kijia, hakuna tone la damu. Wateja waliinuka wakajitazama kiooni, wakasema, "Pole sana, mzee Shomari," wakaondoka. Kila mtu alimwambia pole. Asubuhi pole, mchana pole, mtu akinunua asali ya Apolinaria alichungulia ndani akasema pole. Zilikuwa zimemjaa kama vumbi la kiangazi, wala hakuna aliyemwachia mahali pa kuziweka.

Mussa, mpiga kengele wa stesheni, alikuwa mteja wake tangu zamani. Alitoka siku moja akijipapasa kisogo, akamwambia mwenzake barazani, "Amenyoa vizuri mno. Sasa nirudi nije kufanya nini?"

Alisema kwa sauti ya chini. Shomari alisikia.

Benchi la nje, lililokuwa halina nafasi, lilianza kulaliwa na paka. Abiria wa Kigoma walirudi kwenye chai yao ya stesheni. Shomari alijihisi mzito kifuani, akaenda zahanati. Mganga alimpima, akamsikiliza mapafu, akamwambia kwa ukweli kabisa kwamba haoni ugonjwa, akampa vidonge vyeupe na kumshauri apumzike. Shomari alipumzika. Akagundua kwamba kupumzika kulikuwa kazi ngumu kuliko kunyoa. Alikula kwa sababu Maua alileta chakula, alilala kwa sababu giza liliingia. Hakulia hata mara moja. Alikuwa anangoja kulia kama mtu anavyongoja kupiga chafya, ikamjia mpaka puani na kurudi.

Kiangazi kilipoanza alikata shauri.

"Nitarudi Kisarawe," alimwambia Maua alipomletea ugali na mlenda. "Kwa mdogo wangu. Ijumaa nitapanda treni."

"Kisarawe utafanya nini, baba?"

"Nitakaa."

"Kukaa ni kazi?"

"Kwa umri wangu ni kazi."

"Baba, una miaka hamsini na kidogo. Mzee Abasi kakuzidi na bado anagombana na saa za watu." Maua aliweka sahani chini. "Na huko nani anakujua? Uliondoka ukiwa na suruali moja."

"Hapa pia siku hizi hakuna anayenijua," Shomari alisema.

Kesho yake alimwambia Apolinaria. Alimwambia kwamba kiti na kioo atamwachia kijana mmoja wa Cheyo, na kigoda chake anaweza kuendelea kukiweka pale barazani, ameshazungumza na mwenye nyumba. Apolinaria alikuwa akifunga kizibo cha chupa. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena.

"Sawa, ndugu Shomari," alisema.

Akafunga karanga zake jua likiwa bado juu, akapanda baiskeli. Lakini hakuelekea Kipalapala. Shomari alimwona akikata kona ya kwenda Isevya, akafikiri labda kuna mgonjwa wake huko.

Alhamisi, siku ya mwisho ya kazi, Balozi Abasi alikuja mwenyewe kunyolewa. Alifanya hivyo kwa heshima, kumuaga. Aliketi kwenye kiti cha mbao, akatundika kofia yake ya kazi ya mkono kwenye msumari, akafungwa shuka. Nje walikuwepo Mussa na wengine wachache waliokuja kuaga. Waliketi benchini wakiwa wamefumbata mikono kama watu walio hospitali. Kigoda cha Apolinaria kilikuwa kitupu.

Shomari alianzia kulia. Mashine ilikwenda vizuri, laini, bila haraka. Balozi alikuwa akieleza jinsi atakavyomkumbuka. Nusu ya kichwa ilikwisha kuwa safi, Shomari akawa anahamia upande wa pili, ndipo sauti ikapigwa kutoka barabarani.

"Baba Maua! Weeee, Baba Maua!"

Mashine ilisimama hewani.

Aliyeingia alikuwa na kanga ya Mwamvita, ile ya rangi ya zambarau yenye korosho kubwa pembeni, imefungwa juu kidogo kuliko inavyostahili, kwa sababu Mwamvita hakupenda pindo liguse vumbi. Mkono mmoja kiunoni. Kidevu juu. Alikuwa mfupi na mnene kuliko Mwamvita kwa kila kipimo, lakini alivyovuka kizingiti, kwa kuinua mguu kama anayeruka mfereji, Mussa benchini alisema, "Lahaula!"

"Mwanaume gani huyu!" aliendelea Apolinaria, akipiga kelele kama yuko ng'ambo ya barabara. "Nakuita mara ngapi? Nywele za watu umeniletea mpaka kwenye mto! Jana nimelala na kichwa cha karani wa posta, leo nimelala na ndevu za shehe! Nimeolewa na mtu mmoja au na mji mzima?"

Hivyo ndivyo Mwamvita alivyokuwa akisema. Maneno hayohayo.

"Ndugu Apolinaria," alianza Balozi kutoka ndani ya shuka, "sisi tulikubaliana kwamba..."

"Na huyu nani? Ndege gani huyu kanyonyolewa upande mmoja?" Apolinaria alimzunguka, mkono kiunoni, akamtazama kwa dharau ya Mwamvita hasa, dharau iliyokuwa na huruma ndani yake. "Mume wangu, umeanza kuuza kuku nusu nusu?"

Benchi lote lilipasuka. Mussa alijipiga mapaja. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama, na mlango ukajaa vichwa.

"Halafu nasikia unasafiri," alisema, akimrudia Shomari, akasogea karibu kabisa. Sauti ilishuka kidogo tu, kama Mwamvita alivyofanya alipotaka kupiga vizuri zaidi. "Unakwenda Kisarawe. Kwenda kukaa. Wewe, ambaye hujui hata soksi zako ziko wapi? Utafika Morogoro umepoteza viatu, utafika Ruvu umepoteza suruali, uingie kwa shemeji yangu umevaa tikiti! Na hadithi yako ile ya tembo wa Ruvu utamsimulia nani? Mimi niliisikia kila siku ya ndoa yangu. Kila mwaka tembo anaongezeka ukubwa. Mwaka huu ningekuwapo angekuwa na mabehewa!"

Kilianzia tumboni. Shomari alikihisi kikipanda, akadhani ni kikohozi, akajaribu kukizuia kwa mkono ulioshika mashine, lakini kikamshinda. Alicheka. Alicheka kwa sauti aliyokuwa ameisahau, akaegemea kioo chenye ufa, na katikati ya kucheka kwake machozi yakaanza kumtoka, yakamtoka mengi, akakaa chini sakafuni juu ya nywele za Balozi akilia kama mtoto na kucheka kama mwehu, na hakujua kipi ni kipi wala hakujali.

"Mwamvita," alisema. "Mwamvita wangu, jamani."

"Ndiyo, lia," alisema Apolinaria kwa sauti yake mwenyewe, na yeye mwenyewe akajifuta pua kwa kanga ya marehemu. "Lia, mtumwa wangu. Nimekaa na kilio chako kifuani tangu masika, kimenitia ugonjwa."

Maua alikuwa amesimama nyuma ya watu mlangoni. Ndiye aliyeitoa kanga ile sandukuni. Aliingia, akakaa sakafuni pembeni ya baba yake.

Ilichukua muda. Hakuna aliyesema pole. Mussa alitoka na kurudi na kikombe cha chai, na watu mlangoni wakaanza kusimuliana mambo ya Mwamvita, jinsi alivyomfukuza mwizi kwa ufagio, jinsi alivyokuwa akibishana na redio. Kila hadithi ilimtoa Shomari machozi na kicheko, akaongeza yake, akaisahihisha ya mwingine, na polepole sauti yake ikarudi mahali ilipokuwa, sauti ya mtu anayesimulia.

Balozi Abasi alikohoa.

"Ndugu zangu, mimi bado niko nusu."

"Utabaki hivyo hivyo," alisema Apolinaria. Alikuwa ameshaichukua mashine ya kunyolea kutoka sakafuni na kuitia kifuani. "Nadai jogoo wangu wa msiba. Hakuna kazi hapa mpaka nilipwe."

"Atakulipa Shomari."

"Shomari ana kosa gani? Alikuwa tayari kudaiwa. Aliyenizuia mlangoni na majivu yangu usoni ni wewe. Deni la jogoo ni lako."

"Lakini ile ilikuwa ni... Semina ilisema..."

"Semina ina jogoo?"

Balozi aliutazama mlango uliojaa watu, kisha akamtazama Shomari aliyekaa chini na uso umelowa, macho mekundu, akitabasamu kama mtu aliyetoka kuoga mtoni. Yeye alikuwa fundi saa. Alijua kitu kilichosimama na kitu kinachotembea.

"Basi nipeni kofia yangu," alisema.

Apolinaria alikuwa ameikalia.

Kwa hiyo Balozi wa nyumba kumi alivuka Ng'ambo mchana kweupe, nusu ya kichwa iking'aa na nusu ikiwa msitu, akifuatwa na watoto, kwenda kwa muuza kuku. Watu walitoka ndani kumtazama. Wanawake walimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni, wakaingia haraka ndani ili wacheke vizuri. Aliporudi na jogoo mwekundu ameshikwa miguu, alipokelewa kwa vigelegele, na yeye mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa mizaha, alisikika akisema, "Chukua, mpagazi wewe," akashtuka kusikia alichosema.

Shomari alimalizia upande wa pili akiwa bado anasimulia habari ya Mwamvita na redio. Ni lazima kusema kwamba Balozi alitoka pale na vijia viwili.

Ijumaa treni iliondoka saa yake. Shomari aliisikia ikipiga honi akiwa anampaka sabuni mwalimu mmoja wa Kiloleni, akasema tu, "Hiyo inakwenda pwani," akaendelea na kazi. Huzuni haikuwa imekwisha. Siku nyingine ilimjia saa ya adhuhuri, akasimama mkasi mkononi akitazama barabara. Lakini sasa ilipomjia Apolinaria alimwona, akapaza sauti kutoka barazani, "Mla nazi! Umelala wima kama farasi?" naye alijibu, na kazi ikaenda. Alisema baadaye kwamba miezi ile ya pole alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba nzuri, kila mtu anapita kwa kunyata ili asimsumbue.

Balozi, kwa upande wake, hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kulipanga. Katika mkutano uliofuata alisimama na kueleza kwamba amelifikiria suala la utani. Ukabila ni kumnyima mtu kitu kwa sababu ya kabila lake, alisema. Utani ni kumwingilia mtu nyumbani kwake wakati amepatwa, umpikie, umchimbie kaburi na umtukane mpaka apone. Kwa hiyo, kwa maoni yake, utani ni ujamaa, tena ujamaa uliotembea kwa miguu kutoka pwani mpaka ziwani kabla ya reli. Watu walimpigia makofi. Apolinaria alisema kwamba hotuba ilikuwa nzuri lakini msemaji angenyoa kwanza.

Mwisho wa kiangazi kile, mzee Anselm, baba mkwe wa Apolinaria, alifariki Kipalapala kwa uzee. Shomari alifunga kibanda. Aliazima baiskeli, Balozi Abasi akakaa nyuma ameshika jembe, na wakaenda kwa kuyumba njia nzima mpaka wakafika kaburini, ambako waumini walikuwa wamekwisha kukusanyika na waseminari wamejipanga na vitabu vyao vya nyimbo.

Jeneza lilikuwa halijashushwa. Shomari hakumsalimia mtu. Alijipaka majivu usoni, akamkabidhi Balozi viatu, akatelemka kaburini na kulala chali, mikono kifuani.

"Fupi!" alipiga kelele kutoka chini. "Mmemchimbia Mnyamwezi kaburi la mbuzi! Au mlidhani ataendelea kukunja miguu kama alivyokunja mkono kila alipoombwa ugoro?"

Waseminari waliinamisha vichwa. Mabega yao yakaanza kutikisika. Damas, mtoto wa marehemu, alicheka kwa sauti, akageukia pembeni kulia. Padri, mwenyeji wa Usinge aliyekuwa ameona mambo haya tangu utotoni, alifunga kitabu chake na kidole ndani, akangoja. Lakini Apolinaria, ambaye mzee yule alimpokea akiwa msichana na kumwita mwanangu mpaka siku ile, alisimama ukingoni na uso uliokaza, macho makavu, kama hasikii.

Shomari alimwona kutoka chini. Alikaa kitako.

"Mpagazi," alimwita. "Mzee kakuachia neno. Kasema ile asali uliyokuwa ukimletea kila Jumapili, alikuwa anaimwaga nyuma ya nyumba. Mpaka majani pale yamekauka."

Apolinaria aliinama ukingoni.

"Mzee Shomari," Padri aliuliza kwa upole, "tuanze ibada?"

"Bado, Baba Padri," alisema Shomari, akijilaza tena vizuri. "Huko juu kuna mfiwa mmoja sijammaliza."

Donge la udongo lilimpiga kifuani, likifuatwa na matusi ya Kinyamwezi, kisha kicheko, kisha kilio kikubwa.

"Sasa anzeni," alisema Shomari, akanyoosha mkono avutwe.